Ukurasa wa Bwana Shamba: Mtihani ni Kama Shamba la Pamba

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitasema habari ya mbolea, wala habari ya funza wa vitumba. Nitasema habari ya mtihani. Usishangae. Mimi ni bwana shamba, na kazi yangu ni kuangalia vitu vinavyoota. Elimu nayo huota. Nayo hufa ikikosa kupaliliwa.

Juzi jioni alikuja kwangu hapa Mkolani mama mmoja anayeuza dagaa. Mama huyu anasoma darasa la jioni. Anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule ambao watu wengi huuita QT. Mtihani huu ni kwa watu ambao hawakupata bahati ya kusoma sekondari kwa njia ya kawaida. Ukiufaulu, unaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mama huyu aliacha shule akiwa kidato cha kwanza, kwa sababu ya ujauzito. Sasa ana watoto wawili.

Alibeba madaftari yake ndani ya ndoo ya dagaa. Akayaweka juu ya benchi, akasema:

"Bwana Shamba, nimekuletea madaftari haya. Wape watoto wako wachorechore. Kichwa changu mimi ni kizito. Hesabu hizi nimezirudia mara nne, na mara nne nimekosa."

Sikuyapokea. Nilimwambia aketi. Kisha nilimsimulia habari ya mama yangu mzazi. Nawe ndugu msomaji, keti nikusimulie.

MAMA YANGU NA KARANI WA MIZANI

Mkolani ya leo ni kata ya Jiji la Mwanza. Barabara ya lami ya kwenda Shinyanga inapita hapa, na nyumba zimepanda hadi kwenye mawe ya milimani. Lakini mama yangu alipoolewa hapa, palikuwa na mashamba ya pamba na mihogo. Mama hakuwahi kwenda shule hata siku moja. Alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe wa baba yake.

Kila msimu mama alipeleka pamba yake kwenye mizani. Karani aliangalia mizani, akataja kilo, akaandika karatasi. Mama aliipokea karatasi ile, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakujua imeandikwa nini. Alichopewa ndicho alichochukua.

Mama hakuwa peke yake. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara, 67 hawakujua kusoma na kuandika. Ndipo Serikali na chama cha TANU walipoanza kazi kubwa ya kisomo. Huku kwetu Kanda ya Ziwa kazi ilianza mapema. Tangu mwaka 1968 palikuwa na mradi wa majaribio ukisaidiwa na UNESCO. Makao yake yalikuwa Mwanza. Watu walisoma vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji na mambo ya nyumbani. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Mama alijiandikisha. Alisoma mchana baada ya shamba, dada yangu mkubwa akiwa mgongoni. Usiku alifanya mazoezi kwa taa ya kibatari.

Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kisomo nchi nzima. Majibu yalitolewa kwa hatua, tangu ya kwanza hadi ya nne. Aliyefika Hatua ya Tatu alihesabiwa kwamba anajua kusoma na kuandika. Aliyefika Hatua ya Nne aliweza kusoma gazeti, kuandika barua na kutunza hesabu zake ndogo ndogo.

Mama alipata Hatua ya Pili.

Jirani mmoja alicheka. Alisema, "Mzazi mzima unashindana na watoto, kisha unashindwa." Mama alilia siku ile. Kwa wiki mbili hakwenda darasani. Daftari lake alilitia chini ya kitanda.

NANI ALINITOA KULE?

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza mama, "Ni nani aliyekushawishi urudi darasani?" Akaniambia hakuna. Siku moja alikuwa anafagia, ufagio ukalivuta daftari kutoka chini ya kitanda. Akalifungua ukurasa wa kwanza. Akaona vijiti na viduara alivyochora siku ya kwanza, vimepinda kama miguu ya kuku. Akafungua ukurasa wa mwisho. Pale palikuwa na jina lake kamili, ameliandika mwenyewe.

Mama alisema maneno haya, nami sikuyasahau: "Nilijiuliza, kutoka kwenye vijiti hadi kwenye jina langu, ni nani alinitoa kule akanileta hapa? Nikaona ni mimi mwenyewe. Basi, aliyenifikisha hapa anaweza kunifikisha mbele."

Jioni ile alirudi darasani.

Mwaka 1977 mtihani ulifanyika tena. Mama alipata Hatua ya Tatu. Msimu uliofuata alipeleka pamba safi kwenye mizani. Karani alitaja, "Kilo thelathini na nne." Mama alisogea karibu, akatazama, akasema kwa adabu, "Mwanangu, hebu tazama tena. Mimi hapo naona nne mbele na tatu nyuma. Hiyo si arobaini na tatu?"

Karani alitazama tena. Ilikuwa kilo 43.

Pengine karani alikosea tu. Mama hakumwita mwizi. Lakini hebu tuhesabu pamoja, ndugu msomaji. Ukitoa 34 katika 43, unabaki na 9. Kilo 9 za pamba zilirudi mikononi mwa mwenye jasho. Mama alisema kwamba njiani kurudi nyumbani hakuwaza kilo 9 za siku ile. Aliwaza kilo za miaka yote iliyopita.

Mwaka 1981 alifanya mtihani tena, akapata Hatua ya Nne. Tangu 1975 hadi 1981 ni miaka 6. Mtu mmoja, daftari moja baada ya jingine, mitihani mitatu.

ZAMU YANGU MIMI

Usidhani mimi mtoto wake nilizaliwa na akili ya kufaulu. Mwaka 1998 nilifanya mtihani wa kidato cha nne. Nilishindwa. Kosa lilikuwa langu. Nilicheza mwaka mzima, nikataka kusoma vitabu vyote katika wiki mbili za mwisho. Majina yalipobandikwa ubaoni sikutaka kuonana na mtu. Nilikwenda ziwani kwa baba, nikasema sasa nitakuwa mvuvi kama yeye.

Uvuvi ni kazi ya heshima. Lakini mimi sikwenda kuvua. Nilikwenda kujificha.

Mama alinifuata mwaloni. Hakunigombeza. Alinipa daftari lake kuukuu. Ndani ya jalada palikuwa na mistari mitatu: 1975, Hatua 2. 1977, Hatua 3. 1981, Hatua 4. Mstari wa kwanza ulikuwa na mwandiko wa mwalimu wake. Mstari wa pili ulikuwa wa mama mwenyewe, herufi zinapanda na kushuka. Mstari wa tatu ulikuwa wa mama pia, umenyooka.

Akaniambia, "Mimi nilikuwa na ninyi watoto, jembe na kibatari. Wewe una nini kinachokuzuia?"

Nilirudia mtihani mwaka 1999, nikafaulu. Baadaye nilikwenda Ukiriguru, nikasoma na kupata cheti cha kilimo. Ndiyo maana leo unasoma ukurasa huu. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

UMRI SI KIZUIZI

Pengine utasema, "Umri wangu umepita." Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mzee aliyeitwa Kimani Ng'ang'a Maruge. Serikali ya Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003. Mwaka 2004 mzee huyu aliingia darasa la kwanza huko Eldoret, akiwa na miaka 84. Alivaa sare ya shule kama wajukuu zake. Alitaka kujua kuhesabu na kujisomea Biblia. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York, akazungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalimtoa kwake, akaishi kambini, lakini aliendelea kwenda shule. Alifariki Agosti 2009.

Hata Mwalimu Nyerere hakuanza shule mapema. Alichunga mifugo Butiama, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, alikuwa Tabora katika shule ya Serikali.

KUJIAMINI HUTOKA WAPI?

Watu wengi husema, "Jiamini, jiamini!" Lakini hawasemi kujiamini hupatikana wapi. Mimi nasema, kujiamini ni mavuno. Huwezi kuvuna ambacho hukupanda. Mkulima aliyepalilia hutembea shambani mwake bila hofu. Yule ambaye hakupalilia hukwepa hata njia inayopita karibu na shamba lake. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi. Ukitaka kujiamini, fanya kazi ndogo uimalize. Kisha ihesabu. Kesho fanya nyingine.

Fuata taratibu hizi:

1. Panda mapema. Pamba yetu hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Ukichelewa, mvua haikusubiri. Mtihani nao una tarehe yake. Andika tarehe hiyo ukutani. Hesabu wiki zilizobaki.

2. Soma kidogo kila siku. Tuhesabu pamoja. Dakika 45 kwa siku, kwa siku 6 za wiki, ni dakika 270. Hizo ni saa 4 na nusu. Kwa wiki 20 ni saa 90. Mtu anayengoja wiki ya mwisho, akitaka kupata saa 90 katika siku 7, itambidi asome karibu saa 13 kila siku. Nani ataweza, na watoto wanataka kula? Haba na haba hujaza kibaba.

3. Punguza miche. Pamba ikiota mingi katika shimo moja, tunang'oa, tunabakiza miche miwili. Isipopunguzwa, yote hudhoofika. Nawe usibebe masomo yote kwa usiku mmoja. Leo hesabu za kugawanya. Kesho Kiingereza. Basi.

4. Funga daftari, jiulize. Kusoma jambo mara tano huku daftari liko wazi kunadanganya. Unaona kama unajua, kumbe macho ndiyo yanayojua. Soma mara moja, funga daftari, kisha andika unachokumbuka. Fungua uone umesahau nini. Palipo na pengo ndipo pa kupalilia. Rudia tena baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki.

5. Fanya mitihani ya miaka iliyopita. Mwombe mwalimu wako karatasi za zamani. Keti na saa, uifanye kama siku yenyewe. Kitu ulichokizoea hakikutishi.

6. Someni pamoja. Shamba la mtu mmoja hulimwa haraka kwa msaada wa wenzake. Mkiwa watatu au wanne, anayejua hesabu awafundishe wengine. Anayefundisha naye hujifunza mara ya pili.

7. Andika ulichokwisha maliza. Weka ukurasa mmoja nyuma ya daftari. Kila siku andika mstari mmoja: "Leo nimeweza hiki." Siku utakayosema kichwa chako ni kizito, fungua ukurasa huo usome.

SIKU YA MTIHANI

Usiku wa kuamkia mtihani, lala. Mkulima halimi usiku kucha halafu akategemea kuvuna asubuhi. Amka mapema, kunywa uji. Tayarisha kalamu mbili. Fika kabla ya wakati.

Ukipewa karatasi, soma maagizo yote polepole. Anza na maswali unayoyaweza. Ukikutana na swali gumu, liruke, utalirudia. Mikono ikitetemeka, weka kalamu chini, vuta pumzi mara tatu, kisha endelea. Hofu si dalili ya ujinga. Hata mvuvi mzoefu huliogopa ziwa, na kwa sababu hiyo hujiandaa vizuri.

Usiibe majibu. Mtu anayeiba majibu amejiambia mwenyewe kwamba hawezi. Akifaulu, ataendelea kuogopa mizani maisha yake yote.

UKISHINDWA, UKIFAULU

Ukishindwa, lia ikibidi. Kisha uliza, "Nilishindwa wapi?" Mkulima akikosa pamba hasemi, "Mimi si mkulima." Hutafuta sababu. Alichelewa kupanda? Hakunyunyiza dawa? Basi nawe usiseme, "Mimi ni mjinga." Sema, "Sijaweza kugawanya." Hilo ni jambo moja, na jambo moja hufundishika.

Ukifaulu, usitupe jembe. Nchi yetu yenyewe ilifundishwa somo hili. Wasiojua kusoma walikuwa 67 katika 100 mwaka 1967. Walishuka hadi 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983, na karibu 10 mwaka 1986. Hiyo ilikuwa kazi ya wananchi waliorudia na kurudia. Lakini madarasa yalipopungua, pori lilirudi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba watu kama 22 katika kila 100 wenye miaka 15 na zaidi hawajui kusoma na kuandika. Shamba lililopaliliwa mara moja halibaki safi milele.

MADAFTARI YA MAMA WA DAGAA

Nilipomaliza kusimulia, mama yule alikaa kimya. Kisha nilimwomba anionyeshe hesabu alizokosa. Tuliziangalia pamoja. Ndugu msomaji, hakukosa mara nne hesabu zile zile. Mara ya kwanza alikosa maswali yote 10. Mara ya pili alikosa 8. Mara ya tatu alikosa 7. Mara ya nne alikosa 4. Yeye aliona neno moja tu: kukosa. Hakuona kwamba anakosa kidogo zaidi kila mara.

Nilimwuliza, "Ni nani aliyekutoa kwenye 10 akakuleta kwenye 4?"

Alicheka. Akachukua madaftari yake, akayarudisha ndani ya ndoo, akaenda zake kabla giza halijaingia.

Mtihani wake ni Novemba. Siwezi kukuahidi kwamba atafaulu. Bwana shamba haahidi mvua. Lakini jana usiku, saa tatu, nilipita karibu na nyumba yake. Taa ilikuwa inawaka, naye alikuwa anamfundisha mtoto wake mkubwa kugawanya. Kwa sauti aliyokuwa akiitumia, ningedhani ni mwalimu.

Nawe je? Daftari lako liko wapi? Kama liko chini ya kitanda, litoe leo. Fungua ukurasa wa kwanza, kisha ukurasa wa mwisho. Tazama umetoka wapi.

Ni mimi ndugu yenu,
Bwana Shamba, Mkolani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama alirudi darasani baada ya kupata Hatua ya Pili?

2. Karani alitaja kilo 34, na mizani ilionyesha kilo 43. Je, katika kijiji chenu ni nani husoma mizani wakati wa kuuza mazao?

3. Ukisoma dakika 30 kwa siku, kwa siku 6 za wiki, utapata saa ngapi kwa wiki moja? Na kwa wiki 10?

4. Kila mmoja aseme jambo moja ambalo mwaka jana hakuliweza, na leo analiweza.